Kesi ya Kondoo Aitwaye Jaji

Ha Phallang, Mokhotlong
9 Februari 2008

Baba Mkubwa mpendwa,

Mko salama huko Mafeteng? Na Mama Mkubwa, mgongo wake umemwachia? Huku juu tuko wazima, ila mvua imeozesha maharage ya watu na asubuhi mtu anatoka nje akiwa amejifunga blanketi mpaka puani. Mama amenipa zile soksi ulizosahau kwake Krismasi ili nikutumie. Nimezivaa mimi. Zimeshazoea miguu yangu, kwa hiyo usizisubiri.

Umeuliza kazi ikoje. Kituo chetu cha kusomeshea watoto wachungaji hakina kengele. Kengele ni kondoo. Wakilala kucheua adhuhuri, wanafunzi wangu wanashuka kutoka malishoni. Kondoo wakiinuka, somo limekwisha, hata kama neno langu liko nusu mdomoni. Mvua ikinyesha sana tunasoma kutwa, na siku ya kuogesha mifugo haji hata mmoja. Wengi ni wavulana walio kwenye umri wa kuvunja sauti, na wasichana wachache wanaochunga kwa zamu na kaka zao. Kusoma na hesabu tunakwenda vizuri. Sayansi ndiyo inanitoa jasho. Mtaala unasema wafanye kwa mikono yao wenyewe, na vifaa nilivyopewa ni picha ya maabara.

Nikaanza na yai. Tuliliweka kwenye siki ili ganda liyeyuke, ibaki ile ngozi laini inayodunda. Kesho yake kopo lilikuwa tupu. Nikauliza yai liko wapi. Khauhelo, ambaye ana miaka kumi na minne na njaa ya watu watatu, akasema, "Mwalimu, nimelichunguza."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa mdomo. Lilihitaji chumvi."

Sasa nakuja kwenye ombi. Ile hadubini waliyokuaga nayo shuleni ulipostaafu, iliyo juu ya kabati chini ya kitambaa cha Mama Mkubwa, naomba uniazime kwa miezi mitatu tu. Nitailinda kama macho yangu. Dereva wa lori la unga anayeleta barua hii anaweza kurudi nayo.

Mwanao,
Liteboho


Mafeteng
2 Machi 2008

Mwanangu Liteboho,

Barua yako imefika ikiwa na unga hadi kwenye saini. Sisi tu wazima. Mama yako Mkubwa anakusalimu, mgongo wake unapona anapoalikwa harusini na kuugua anapoona nguo za kufua. Binamu yako Mosa amepata mtoto wa pili, wa kike, mwenye sauti kubwa. Kuku wetu wanataga. Goti langu la kushoto linanisumbua wakati wa kupanda ngazi, na nyumba yetu haina ngazi, kwa hiyo tunashukuru.

Nimesoma kwa masikitiko habari za yai. Miaka thelathini na mmoja nilifundisha sayansi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kula somo langu. Kwa nini? Kwa sababu kulikuwa na meza, kulikuwa na koti jeupe, na kulikuwa na ukimya. Mwalimu anaonyesha, mwanafunzi anatazama, kisha anaandika alichoambiwa ameona. Haya ya siki na makopo ni mapishi, mwanangu. Tena mapishi mabaya.

Nakushauri uchore hadubini ubaoni, kubwa, yenye majina ya sehemu zake zote. Watoto wakishika majina, kazi kubwa imekwisha.

Hali ya hewa huku ni nzuri.

Baba yako Mkubwa,
Sekake

Mwanangu, ni mimi Mama Mkubwa, ameniachia bahasha niibandike. Kuhusu hadubini nimeona hajajibu. Usimsukume. Ila ujue mayai yangu matatu yako kwenye siki kabatini, nyuma ya viatu vyake. Jana alilidundisha moja sakafuni akidhani niko nje. Halikudunda. Nimepiga deki mimi.


Ha Phallang
30 Machi 2008

Baba Mkubwa mpendwa,

Hongera kwa mjukuu, na ampe Mosa usingizi kidogo. Huku mtoto wa chifu ameoa, tumekula nyama siku mbili, kisha tukarudi kwenye mboga kama watu wanaotoka ndotoni. Mimi ni mzima.

Nilichora hadubini ubaoni kama ulivyoniagiza. Lipolelo, binti wa miaka kumi na mitatu asiyeacha jambo lipite, aliitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Mwalimu, sasa tuchungulie wapi?" Nikafuta ubao.

Badala yake tukatengeneza roketi. Chupa ya soda ya plastiki, maji hadi theluthi, kizibo kilichotobolewa, na pampu ya kujazia mpira. Unapampu hadi kizibo kinashindwa. Baba Mkubwa, ilipanda. Watoto walinyamaza wote kwa mara ya kwanza tangu nije hapa. Halafu ikageuka na kuanza kurudi, na ndipo tukakumbuka kwamba chini yake kuna kondoo wa mzee mmoja, Ntate Letuka.

Ntate Letuka ndiye mwenye mifugo mingi kuliko wote bonde hili, na wachungaji wake sita ni wanafunzi wangu. Ana kondoo dume wa sufu anayeitwa Jaji, aliyeshinda utepe kwenye maonyesho ya wilaya, na anamtaja kama mtu anayemtaja shemeji yake mbunge. Chupa ilitua karibu na kichwa cha Jaji. Kundi lote likatawanyika mpaka ng'ambo ya mto. Jaji mwenyewe aliingia jikoni kwa bibi mmoja, akasimama kati ya masufuria, na alitoka pale alipotaka.

Ntate Letuka alikuja na farasi wake hadi mlangoni kwetu. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mwalimu, watoto hawa niliwaleta wasome. Kurusha vitu walikuwa wanajua."

Amewatoa wote sita. Nilipoanza walikuwa ishirini, sasa wamebaki kumi na wanne. Ofisi ya wilaya inasema kituo chenye watoto chini ya kumi na watano hakina sababu ya kuwa na mwalimu. Wamenipa hadi mwisho wa Julai. Kituo kikifungwa, shule ya karibu iko ng'ambo ya mlima, na hakuna kondoo anayemsubiri mtu avuke mlima na kurudi.

Kuhusu lile jambo nililoomba, sikuona jibu. Labda ukurasa ulidondoka kwenye unga.

Liteboho


Mafeteng
27 Aprili 2008

Mwanangu,

Tunamshukuru Mungu tumeamka. Mjukuu analia kwa sauti ya mkuu wa shule. Tumevuna mahindi ya nyuma ya nyumba, machache lakini yenye nia njema.

Hakuna ukurasa uliodondoka.

Kuhusu roketi, kosa lenu liko wazi. Theluthi ya maji ni sawa, lakini chupa haikuegemezwa vizuri, na mrushaji lazima autazame upepo kwanza. Ukiiinamisha kidogo kuelekea kusiko na watu, inakwenda hatua nyingi tu na kutua kwa heshima. Haya nimeyapata kwa hesabu za kichwa, nikiwa nimekaa.

Kama ni lazima uwashughulishe watoto, wape kitu kisichoruka. Chukua waya mwembamba, zungusha ncha yake ifanye kitanzi kidogo kama tundu la kifungo. Chovya kwenye maji. Tone litakalobaki kwenye kitanzi ni kioo cha kukuzia. Lisogeze karibu kabisa na jicho, na kitu kisogezwe karibu na tone. Si sayansi, lakini angalau halimwangukii mtu.

Ntate Letuka huyo nimemwelewa zaidi kuliko unavyodhani. Mtu akikaa na kitu kimoja cha kujivunia, hataki kiguswe.

Sekake

Ni Mama Mkubwa tena. Hesabu za kichwa. Chupa ilivuka ukuta wa jirani ikaingia kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, ikatua kwenye keki. Aliniambia nikiulizwa niseme ni watoto wa mtaani. Mwenyekiti wao alikuwa amesimama dirishani, akamwona na pampu mkononi. Jumapili tulikaa kiti cha nyuma. Na mwanangu, anakwenda posta kila siku. Barua zako anazisoma mara mbili, kisha ananisomea kwa sauti kama taarifa ya habari.


Ha Phallang
8 Juni 2008

Baba Mkubwa mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa, theluji ya kwanza ilifunga njia na lori likakwama huko chini wiki nzima. Natumai goti limetulia. Mimi nilipata mafua, nikatibiwa na kila mwanamke wa kijiji kwa dawa yake, nikapona kwa woga.

Vitanzi vya maji vimeniharibia darasa kabisa. Hakuna anayetaka kitu kingine. Wametazama chumvi, mabawa ya nzi, kucha za Khauhelo ambazo afadhali tusingeziona. Sharti letu ni moja tu, kila mtu aseme alichoona, achore, na mwingine arudie pale pale aone kama ni kweli.

Sasa sikiliza. Wale sita waliotolewa bado wanachunga na wenzao huko juu, huwezi kuzuia watoto kuongea malishoni. Mmoja alimwambia Lipolelo kwamba Jaji anajikuna kwenye mawe mpaka sufu ya begani inanyofoka. Lipolelo akachukua kinyofu, akakitazama kwenye tone. Akaja mbio.

"Mwalimu, manyoya ya Jaji yana watu."

Nikatazama. Vidoa vyeupe, vidogo kuliko punje ya chumvi, vinakwenda. Baba Mkubwa, nadhani ni utitiri, ule unaoleta upele wa kondoo. Jaji amezungushwa kupandisha kwenye makundi ya watu karibu wote bonde hili. Baridi hii, kondoo akikatika sufu, hafiki Septemba.

Nilikwenda kwa Ntate Letuka kwa adabu zote. Akanipa uji, akanisikiliza, akasema, "Kondoo wangu ana utepe. Utitiri haupandi kwenye utepe." Kesho yake akapeleka shtaka kwa chifu wetu, mama tunayemwita 'M'e 'Mamohlomi, kwamba kituo changu kimemtukana kondoo wake mbele ya kijiji. Kesi imesikilizwa nusu. Chifu alijaribu kutazama kwenye tone, likamdondokea kwenye chai. Akasema, "Siwezi kumhukumu kondoo kwa tone la maji. Nileteeni kitu kinachotulia. Tarehe kumi na moja Julai, asubuhi. Msipoleta, mwalimu atamwomba Ntate Letuka radhi hadharani, na watoto wataacha habari hizi." Nikishindwa, na wale kumi na wanne wazazi wao watawachukua. Nimeshawaona wananitazama.

Bwana mifugo amekwama chini kwa theluji. Kitu kinachotulia, mimi najua kilipo kimoja tu, na wewe unajua. Sitaomba mara ya tatu.

Liteboho


Mafeteng
29 Juni 2008

Liteboho mwanangu,

Anayeandika leo ni Mama Mkubwa, kwa hiyo maneno yatakuwa machache na ya kweli. Barua yako ilisomwa hapa mezani. Alipofika mwisho akatoka kwenda kuangalia kuku, na kuku nilikuwa nimeshawafungia.

Jumanne ameondoka. Anasema amekwenda kununua viatu. Mtu wa kwenda kununua viatu hachukui blanketi mbili, na hachukui kitambaa changu cha kabati pamoja na kilichokuwa chini yake. Amekifunga kwenye mbeleko ya mjukuu, akakibeba kifuani. Mosa amebaki hana cha kumbebea mtoto.

Akifika, mpe chakula cha moto na usimsifu haraka, atakuwa na kiburi mwezi mzima. Asipofika, niandikie nijue nani wa kumlaumu.

'Mamosa


Ha Phallang
13 Julai 2008

Mama Mkubwa mpendwa,

Amefika. Amefika kabla ya barua yako, juu ya farasi wa kukodi, akiwa na barafu kwenye masharubu na mbeleko kifuani. Wanawake wa hapa walidhani ni mzee aliyeachiwa mtoto, wakaanza kuchemsha maziwa. Anakula vizuri, anakusalimu, anasema viatu huku hakuna vya saizi yake.

Alipoiweka ile hadubini mezani na kufungua sanduku, niliona kitu ambacho sikukitegemea. Vioo vyote vilikuwa bado kwenye karatasi ya nailoni ya dukani. Hajawahi kuitumia hata siku moja. Nikamwuliza, Baba Mkubwa, miaka yote hii? Alikuwa anachambua nailoni kwa kucha, hakuniangalia. Akasema, "Ningetazama nini? Walinipa siku ya mwisho. Hakukuwa na mtu tena wa kumwambia, njoo na wewe uone." Kisha akaulizia chumvi ya chai, akimaanisha sukari. Nikampa sukari, tukaliacha pale.

Siku ya kesi kijiji kizima kilikuja, na Jaji aliletwa amechanwa manyoya. Baba Mkubwa alivaa koti lake jeupe juu ya blanketi. Aliongea kwanza kuhusu historia ya hadubini, mpaka chifu akamwambia, "Ntate, kondoo anapata baridi." Ntate Letuka mwenyewe akakata kinyofu cha sufu mgongoni, pale inapong'aa, akamkabidhi.

Baba Mkubwa akainama. Akazungusha kishikio hiki, akazungusha kile. Watu wakaanza kukohoa. Hatimaye akasema amemwona mdudu mrefu mweusi, aliyepinda. Nikatazama. Ulikuwa ni ukope wake.

Sufu ilikuwa safi kabisa. Ntate Letuka akavua kofia, akawageukia watu, akaanza, "Sasa mmeona wenyewe..."

Lipolelo akasimama. "Sisi hatukutazama mgongoni."

"Mtoto, keti," Ntate Letuka akasema. "Jaji ni yule yule mgongoni na kwingine."

"Tulitazama begani, pembeni ya kidonda. Mwalimu anasema anayerudia arudie pale pale. Nyinyi mmerudia kwingine."

Nilidhani Baba Mkubwa atamkemea, unamjua alivyo mtu akimkatiza. Alimtazama yule binti kama mtu aliyeletewa chakula. Akasema, "Anasema kweli. Kazi yangu hii ni batili. Tuanze upya." Akasogea akampisha kiti.

Jaji hakutaka kuguswa begani. Khauhelo na wenzake wanne walimlalia. Lipolelo akakwangua pembeni ya kidonda, akaweka kwenye kioo, akatazama, akageuza kishikio taratibu, akaacha. Akasema, "Ntate Letuka, njoo na wewe uone."

Akaja. Akafumba jicho la kushoto, akalifumbua, akafumba la kulia. Kisha akatulia muda mrefu hata nikadhani amesinzia.

"Wana miguu," akasema.

"Minane," Lipolelo akasema.

"Wote kwa pamoja?"

"Kila mmoja."

Akaendelea kutazama. "Huyu mmoja amemkanyaga mwenzake. Hana hata haya." Halafu, bila kuinua kichwa, "Wanafanya nini humo?"

"Wanamla Jaji."

Mzee alikaa chini pale pale kwenye baridi. Sikufurahi, Mama Mkubwa, nilidhani nitafurahi. Alikuwa amemshika yule kondoo sikio kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Akamwuliza Baba Mkubwa kwa sauti ndogo kama Jaji atapona. Baba Mkubwa akasema hajui, yeye ni mtu wa vioo, lakini dawa ipo. Na Ntate Letuka ndiye aliyetandika farasi wake mchana ule ule, akashuka kwenye theluji kumfuata bwana mifugo. Wamerudi jana. Makundi yote ya bonde yanachomwa sindano, la Letuka kwanza, kwa ombi lake. Chifu ameandika kwamba shtaka la matusi limefutwa kwa kuwa kondoo hakukanusha.

Wale sita wamerudi darasani. Ofisi ya wilaya wamepelekewa majina, na hawana tena sababu ya kukifunga kituo.

Mwezi ujao nimeitwa Mafeteng kwa mafunzo ya walimu, nitafikia kwako. Baba Mkubwa amejitolea kunishikia darasa. Amesema ni wiki mbili tu, kwa ajili ya nidhamu.

Liteboho


Ha Phallang
24 Agosti 2008

Mwanangu Liteboho,

Natumai mafunzo yanakwenda vizuri na Mama yako Mkubwa anakulisha. Mwambie mbeleko iko salama. Mwambie pia kuhusu kurudi, njia bado ina barafu. Najua wewe umeipita wiki iliyopita. Ilirudi baada yako.

Jaji yuko hai. Hapendezi, ameota sufu kwa mafungu kama zulia lililoliwa na panya, lakini anakula na amempiga pembe bwana mifugo, jambo ambalo wenyewe wanasema ni dalili njema.

Darasa linakwenda. Koti jeupe nimeliacha, kondoo wanaliogopa. Ukimya nao nimejaribu kuuleta. Nilipata kidogo siku ya Alhamisi, wakati wa mvua ya mawe, kisha wakatoka wote nje kuyapima. Nilipima na mimi. Naomba uniletee siki chupa nne, maputo, magadi, na chupa tupu za soda nyingi kadiri utakavyoweza kubeba. Usiulize za nini mbele ya watu wa kanisa.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Tangu uondoke, Ntate Letuka anakuja. Mara ya kwanza alisema amewaletea wachungaji wake chakula. Mara ya pili alisema amepita tu. Sasa anakuja na kigoda chake, anakaa mstari wa mbele, na hataki kuondoka kwenye hadubini. Ametazama ndevu zake, unga wa mkewe, tope la mto, na jasho la farasi. Jana Lipolelo alimwambia zamu yake imekwisha. Akamjibu, "Mimi ndiye mwenye kondoo." Binti akamwambia, "Na mimi ndiye mwenye zamu." Ilibidi niwatenganishe. Amenuna mpaka kondoo walipoinuka, kisha akaniuliza kesho tunatazama nini, ili apange siku yake.

Leo amekuja rasmi, amevaa kofia ya maonyesho, akaomba kuandikishwa. Nimemweleza kwamba kituo hiki ni cha watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na saba. Akafikiri. Akasema kila kundi lina kondoo mmoja aliyechelewa kunyonya, na hakuna anayemfukuza.

Mtaala haumtaji kondoo huyo. Nimemwandika. Umri, miaka kumi na saba. Mkaguzi akija, suala la ndevu atalieleza mwenyewe.

Usiharakishe kurudi.

Baba yako Mkubwa,
Sekake